Mchwa wa Mei na Juni

Jilore, mwaka wa njaa,
nguruwe walitujaa,
shamba zima wakatwaa,
wakatuacha majani.

Tukaungana kikweli,
thelathini na wawili,
mbwa tisa, nyavu mbili,
na ngoma moja kwapani.

Ada ilikuwa ndogo:
mia moja, na kidogo;
aliyekosa, muhogo
alileta kikapuni.

Mnyama akianguka,
majani hutandazika,
na kila jicho hufika
kwenye mafungu ya chini.

Mwenye kisu, mkataji,
hakuwa mteuaji;
walianza wahitaji,
yeye akawa mwishoni.

Shoboi, asiyekula
kwa dini yake na mila,
alipewa kuku, ila
naye pia hadharani.

Mwaka jana, kwenye kura,
mgombea wa busara
akatujia na sura
ya rafiki wa zamani.

"Laki mbili," akasema,
"za mbwa na nyavu njema."
Tukapigapiga ngoma,
akaingia garini.

Zikaingia kwa simu
ya Ngumbao, muhitimu,
mtu wa pole, salamu,
na kalamu mfukoni.

Mwezi wa kwanza: "Subiri."
Wa pili: "Benki, safari."
Wa tatu: "Mambo ya siri
hayasemwi barazani."

Bwana kashinda, kahama,
simu yake ikazima,
karani wake husema:
"Bosi yuko kikaoni."

Nyavu zetu zikaoza,
ngoma nayo tukauza,
nguruwe wakajijaza
upya humo mashambani.

Shuleni, chini ya bati,
tukaketi kwenye viti
vya watoto, na magoti
yakafika kidevuni.

Nyevu, mjane wa Gona,
ndiye aliyenong'ona,
kisha akatutukana:
"Kitabu kiko kwa nani?"

Kikaletwa. Kimeliwa
na mchwa, tuliambiwa;
mchwa anayeelewa
mwezi wa Mei na Juni.

Palipobaki, nasoma:
"Sirya: laki nusu, ngoma."
Na chini yake, alama
ya gumba, tena laini.

Sirya hakusema neno.
Aliinua mkono.
Hana gumba: lile jino
la nguruwe, utotoni.

Ngumbao: "La pili lipo!"
Nyevu kalishika papo:
"Haya, tazameni hapo,
pana magamba, jamani!

Gumba hili la magaga,
la kuvuta na kusaga;
hilo lenu limeoga
kwa sabuni ya mjini."

Wakaangua kicheko,
mbwa wakabweka huko,
nami, cheko langu liko,
limenikwama kooni.

Ngumbao akanywa maji:
"Jama, mimi si mlaji.
Laki za yule mwombaji
hazikufika simuni.

Zilifika elfu kumi.
Zilobaki zote, mimi
niziandike, sisemi:
'Zimeingia wavuni.'

Sita, Malindi, kwa dawa
za mama; mnaelewa.
Nne bado, sijagawa,
zimo humu mkobani."

Nami niliye katibu
nikakosa la kujibu:
leso mbili za dhahabu
ziko kwangu sandukuni.

Zina picha yake, bwana;
hatuzivai mchana;
nikizikunja naona
ananicheka usoni.

Nguruwe, ukimtega,
unamwekea boga;
hulijia bila woga
hadi shingo i kambani.

Kikao hakikuisha
kwa hukumu ya kutosha;
Ngumbao alirudisha
elfu nne, na sabuni.

Tukazitandaza noti
kwenye jani, katikati;
kila mtu, kwa wakati,
akagusa, kwa makini.

Shoboi akauliza:
"Na zile za kwenye giza,
nani atazitandaza
kwenye jani, na ni lini?"

Hakuna aliyejibu.
Nikafungua kitabu
kipya. Ya kwanza hesabu:
leso mbili, sandukuni.